Buibui Anapovua Gamba: Siku za Msambweni

Anayeingia Kwale kutoka Tanga kwa njia ya Horohoro huanza kuona mikorosho, kisha minazi, kisha mashamba ya miwa ya Ramisi yaliyotanda pande mbili za barabara. Bahari huiona baadaye, tena kwa vipande, pale mikoko inapoachana. Kwa upande wa watu, mtu hahisi kwamba amebadilisha nchi. Wadigo wa Mkinga na Wadigo wa Lunga Lunga ni ndugu. Ndani ya matatu, mama mmoja aliyepakata kapu la maembe aliniuliza natoka Tanga sehemu gani, na kabla hatujafika njia panda ya Shimoni alikuwa ameshanitajia jamaa zake wa Duga ambao nawafahamu kwa sura na kwa majina.

Nilikwenda Msambweni kwa harusi. Harusi za pwani zinajulikana, sina haja ya kuzieleza. Ila katika nyumba niliyofikia kulikuwa na mjukuu aliyekuja likizo kutoka Ujerumani, kijana anayefanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Dortmund. Kijana wa Kwale kuishia Ujerumani si jambo la kushangaza. Watalii wa Kijerumani wamekuwa wakimiminika Diani kwa miongo mingi, na wapo vijana wengi waliojifunza lugha yao ufukweni, wakawafuata hadi kwao. Wanaorudi likizo huja na saa, simu na viatu vya wadogo zao. Huyu alikuja pia na kopo la dawa lililojazwa pamba, na ndani ya pamba mlikuwa na gamba la buibui.

Alilitoa usiku, wageni walipopungua, akaliweka juu ya sinia chini ya taa. Lilikuwa na upana wa kiganja changu, na lilikuwa jepesi hata nilipopewa nilishike sikuhisi uzito wowote. Miguu yote minane ilikuwepo, na nywele zake zote. Meno mawili ya sumu, meusi, yaliyopinda, yalikuwa bado mahali pake. Kifuniko cha mgongo wa mbele kilikuwa kimebanduka na kuning'inia upande mmoja, na juu yake ulionekana mchoro wa mistari inayotawanyika kutoka katikati kwenda ukingoni. Kwa ndani, sehemu ya tumbo, palikuwa na vipande vinne vyeupe, laini, vyenye kurasa kurasa. Ni bitana ya mapafu, kijana akaeleza. Buibui wa jamii hii ana mapafu manne, na anapovua gamba hubadilisha hata ngozi ya ndani ya mapafu hayo.

Bibi wa nyumba alivaa miwani yake, akainama juu ya sinia.

“Sasa huyu amekufa?”

“Yu hai, Bibi. Yuko Dortmund kwenye kioo chake. Hili ni vazi la zamani.”

“Na wewe ndiye unayemlisha?”

“Mimi, Bibi.”

“Basi mlishe vizuri. Buibui ana heshima yake.”

Heshima hiyo wazee wa pwani wanaijua vizuri. Katika masimulizi ya Kiislamu, Mtume alipokuwa amejificha katika pango la Thawr wakati wa kuhama Makka, buibui alitanda utando mlangoni na waliokuwa wakimsaka wakapita wakidhani humo hamna mtu. Kwa sababu hiyo ziko nyumba nyingi, kwetu Tanga na huku Kwale, ambako buibui wa darini huachwa. Heshima hiyo, kwa bahati mbaya, haimfikii buibui mkubwa wa shimoni. Yeye akionekana tu uani, hupigwa kandambili kwanza, maswali yakaja baadaye.

Aliyeacha gamba lile anaitwa Ramisi. Kijana ndiye aliyempa jina la mto wa kwao. Kwa wataalamu ni Pterinochilus murinus, mmoja wa jamii ya tarantula, jina alilopewa na Reginald Pocock wa jumba la makumbusho la London mwaka 1897. Makazi yake ya asili yanaanzia pwani ya Kenya na Tanzania hadi Zambia, Zimbabwe na Angola. Wako wa rangi ya machungwa iliyokolea, ambao wafugaji wa Ulaya huwaita kwa jina la Usambara, milima yetu ya Tanga. Wako pia wa rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijivu, wanaouzwa kwa jina la Mombasa. Nilipoyasikia majina hayo mawili nilishtuka kidogo. Mtu wa Korogwe na mtu wa Likoni wanaweza kumaliza umri wao bila kujua kwamba kiumbe wa vichaka vyao anauzwa sokoni katika mji wa Hamm, ambako mara nne kwa mwaka hufanyika maonyesho makubwa kabisa ya wanyama wanaofugwa ndani ya vioo.

Huko Hamm ndiko alikomnunua. Alikuwa buibui mdogo, mwili wake haujatimiza sentimita moja, aliyezaliwa humo humo Ulaya kwa wafugaji, hakuchimbwa porini. Kijana alisema alivutiwa na kibandiko kilichoandikwa Mombasa, kwani ilikuwa miezi ya baridi na hakuwa amefika nyumbani kwa muda mrefu. Akamnunulia kisanduku cha kioo, akamwekea udongo mkavu wa kina cha kutosha kuchimba, gome la mti la kujificha, na kisahani cha maji. Hakuwa amewahi kufuga kitu chochote isipokuwa kuku wa Bibi.

Kisha buibui akagoma kula.

Hapo ndipo mfugaji mpya hupatia au huharibu. Ramisi alijifungia ndani ya utando mzito alioutanda kwenye gome, rangi yake ikafifia, tumbo likavimba na kung'aa. Kijana akadhani anaumwa. Akamtupia nyenje wawili ili achague, na asubuhi akakuta nyenje mmoja amemtafuna buibui mguu mmoja wa nyuma. Kumbe dalili zile zote zilikuwa za kujiandaa kuvua gamba. Kiumbe ambaye siku nyingine anamnasa nyenje kufumba na kufumbua alikuwa hawezi tena kujitetea. Mzee mmoja wa Kijerumani, mfugaji wa siku nyingi, akamwambia kwenye simu aondoe kila kilicho hai mle ndani, ahakikishe maji yapo, kisha aondoe na mkono wake.

Inafaa kueleza kwa nini. Buibui hana mifupa. Mwili wake umeshikiliwa na gamba la nje, na gamba hilo likishakauka halitanuki, kwa hiyo akitaka kukua ni lazima alivue. Kabla ya siku hiyo, homoni huamsha ngozi kuunda gamba jipya chini ya lile la zamani, likiwa laini na lenye mikunjo. Wakati ukifika, buibui hutandika mkeka wa utando, hulala chali, na kusukuma damu kutoka tumboni kwenda sehemu ya mbele hadi kifuniko cha mgongo kinapasuka. Damu yake ina rangi ya samawati kwa sababu kinachobeba hewa ndani yake ni shaba, tofauti na chuma kilichomo katika damu yetu. Msukumo wa damu hiyo ndio pia unaonyoosha miguu yake siku zote, na ndiyo maana buibui aliyekosa maji hulegea na miguu kujikunja.

Kijana alikuwa na video. Tulikusanyika watu wa nyumba nzima kwenye simu moja, wajomba, watoto, na kina mama waliotoka jikoni wakijifuta mikono. Kwanza alionekana buibui amelala chali, kimya. “Amekufa huyo,” akasema mjomba mmoja, na wengi wakakubaliana naye. Kijana akasimamisha video akaeleza, na maneno yake hayo ningependa kila anayefuga ayashike: buibui anayekufa mara nyingi hufa akiwa wima, miguu imekunjwa chini ya tumbo. Aliyelala chali na miguu imetawanyika yuko kazini. Wako wafugaji wageni waliomtupa buibui wao jalalani akiwa hai kwa kutolijua hilo.

Video ikaendelea. Ufa mwembamba ulionekana ukingoni mwa kifuniko, ukapanuka, kifuniko kikainuka. Ndani mlionekana kitu chepesi, cheupe chenye unyevu. Ndipo ilipoanza kazi ya miguu. Buibui alivuta, akapumzika, akavuta tena, miguu yote kwa pamoja, kama mtu anayevua soksi nane zilizolowa. Katikati ya kazi hiyo hawezi kusimama wala kurudi nyuma. Mguu ukikwama huachwa humo, na yeye mwenyewe akikwama hufa. Kwa mdogo kazi yote huweza kuisha ndani ya nusu saa, kwa mkubwa huchukua saa kadhaa. Watoto waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza wenyewe. Mguu wa mwisho ulipochomoka, kina mama walipiga kigelegele kifupi, na mimi pia nilifurahi kwa dhati.

Kilichofuata kilinigusa zaidi. Buibui mpya aligeuka, akalala akiwa amejitandaza, akiinyoosha miguu polepole ili isikauke imepinda. Meno yake ya sumu yalikuwa meupe. Baada ya siku kadhaa yakawa mekundu, kisha meusi, na hapo tu ndipo anapoweza tena kuuma na kula. Mfugaji mwenye busara humpa wiki moja au zaidi kabla ya kumpa chakula, na humpa maji tu. Na ule mguu ulioliwa na nyenje? Ulirudi. Katika uvuaji uliofuata uliota mguu mfupi, mwembamba, na kila alipovua tena ulizidi kulingana na wenzake. Gamba lililokuwa kwenye sinia la Bibi lilikuwa la baadaye. Niliihesabu na kuilinganisha ile miguu ya nyuma, na sikuweza kuutambua uliopotea.

Kijana hamshiki Ramisi mkononi. Aina hii ni ya haraka mno, ni kali, na haina nywele za kuwasha ambazo tarantula wengi wa Amerika huzirusha kujikinga, kwa hiyo kinga yake ni kuuma. Sumu yake huleta maumivu makali na misuli kukakamaa kwa siku kadhaa. Kwake kufuga ni kutazama, kusafisha kwa koleo refu, na kujua wakati wa kutofanya kitu. Jike wa aina hii huweza kuishi zaidi ya miaka kumi, na huendelea kuvua gamba hata akishakuwa mzima. Dume akishavua gamba la utu uzima hutafuta jike, na umri wake hauendi mbali baada ya hapo.

Asubuhi yake, tukinywa chai kwa mahamri na mbaazi za nazi, Bibi alinionyesha kitu. Nyuma ya nyumba, kwenye shina la mkorosho wa zamani, palikuwa na tundu lililozungukwa na utando mweupe, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa utando huo huo. “Mwenzake yule wa Ulaya,” alisema. Mjukuu ndiye aliyelitambua tundu hilo katika likizo iliyopita, na tangu hapo Bibi amekataza watu kumwaga maji ya moto au majivu hapo. Usiku, kabla hajajifungia, buibui yule hukaa mlangoni, miguu ya mbele ikiwa kwenye kizingiti, akingoja panzi au mende apite. Bibi huenda na tochi kumtazama kabla ya kulala. Hamgusi, hamlishi, hakumwekea kioo. Sasa kwa kuwa mlango umezibwa, mjukuu anaamini yuko katika kazi ile ile tuliyoitazama kwenye simu, na amemwomba Bibi awe na subira, kwa kuwa mlango unaweza kukaa umefungwa kwa majuma.

Nimekaa nikiwaza ni yupi kati ya wawili hao aliye mfugaji zaidi. Kijana anajua kila gamba la Ramisi na tarehe yake, ameyahifadhi yote. Bibi hajui hata kama wake ni dume au jike. Lakini kazi ngumu ya ufugaji huu, ile ya kuuzuia mkono wakati roho inataka kusaidia, wote wawili wanaifanya, na Bibi anaifanya bila kufundishwa na mtu. Nilimuuliza amejulia wapi. Akasema, “Mwanangu, nimekulia Gazi. Hata kaa hufanya hivyo.”

Basi tukaenda Gazi.

Ni mwendo mfupi kutoka Msambweni. Kijiji kiko pembeni mwa ghuba, na bado watu wanaizungumzia nyumba ya Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyewapiga vita Waingereza hadi mwaka 1896 alipovuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani, kwetu, asirudi tena. Siku hizi Gazi inajulikana kwa mikoko. Mradi wa Mikoko Pamoja, unaoendeshwa na wanakijiji wa Gazi na Makongeni pamoja na watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ulianza mwaka 2013. Unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, na fedha zake zimeingia katika maji ya bomba na shule za vijiji hivyo. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kina mama nao wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, wanawatembeza wageni juu yake, kisha wanawapikia. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukajilamba vidole.

Chini ya daraja hilo tulimkuta mvuvi wa kaa, mtu mzima, amepandisha suruali magotini, fimbo yake yenye kulabu begani. Kaa wa mikoko hukaa mashimoni, na mvuvi huingiza fimbo akasikiliza kwa mkono kabla ya kuvuta. Bibi alimsalimu, wakaulizana hali za watu wao, kisha akamwomba atuonyeshe gamba. Hakuhangaika, aliinama akaokota moja lililokuwa limenasa kwenye mizizi: kaa mzima, magando na yote, mtupu ndani, amefunguka upande wa nyuma. Kaa hutoka kwa kurudi kinyumenyume kupitia ufa huo. Akishatoka, mwili wake ni laini, hunywa maji akavimba ili gamba jipya likauke likiwa kubwa kuliko la kwanza, na siku hizo hujificha.

“Huyo ukimpata huna faida naye,” mvuvi alisema. “Hana nyama, ni maji matupu. Mnunuzi akimbonyeza kifuani anakurudishia.” Ndiyo maana kuna vikundi kadhaa vya pwani vinavyowaweka kaa wa namna hiyo katika vizimba ndani ya mikoko, vikawalisha mabaki ya samaki hadi wajae nyama. Akatueleza na jambo jingine ambalo watafiti pia wamelithibitisha. Kaa jike hupandwa akiwa ametoka tu kuvua gamba, bado laini, na dume humkumbatia chini yake kwa siku kadhaa, kabla na baada ya kuvua, kumlinda hadi awe mgumu. Mvuvi akiwakuta wawili hao, alisema, yeye huwapita. Sikumuuliza kama wenzake wote hufanya hivyo. Lakini nilielewa Bibi alikopata subira yake. Kiumbe aliye katikati ya kuvua si wa kuguswa, na kwa watu wa Gazi hilo lilijulikana kabla ya kioo chochote cha Dortmund.

Kutoka Gazi tulielekea kaskazini hadi Kinondo. Kaya Kinondo ni msitu mdogo, kama hekta 30, ulio kusini mwa Diani, kati ya hoteli na bahari. Ni miongoni mwa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na huambiwa masharti. Moja ni kwamba hakuna kitu kinachotoka mle. Si jani, si kijiti, si kokoto. Kijana wetu aliiacha mikono yake nyuma muda wote. Mwongozaji alituonyesha miti, dawa zake, na mbega waliokuwa juu ya matawi, wale wale ambao shirika la Colobus Conservation la Diani limekuwa likiwawekea madaraja ya kamba juu ya barabara tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ili wasigongwe na magari. Nilipomuuliza habari za buibui wakubwa wa mashimoni, alisema wapo, ila wageni hawaulizi.

Wageni wengine huuliza sana, na hapo ndipo pana jambo la kuhofia. Aprili 2025, katika nyumba ya wageni huko Naivasha, vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa wakiwa na malkia wa sungusungu wapatao 5,000, wakiwa ndani ya vijibomba vyenye pamba, tayari kusafirishwa kwenda kwa wafugaji wa wadudu wa Ulaya na Asia. Tarehe 7 Mei mahakama ilimtoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha mwaka mmoja. Raia wa Vietnam na Mkenya mmoja waliokamatwa katika kesi nyingine ya aina hiyo walipata adhabu kama hiyo. Watu wengi Kenya walishangaa kwamba sungusungu anaweza kumpeleka mtu mahakamani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haibagui mkubwa na mdogo, na nadhani ni vema haibagui. Soko linaloweza kumlipa mtu kwa malkia wa sungusungu linaweza kumlipa pia kwa kila tundu lenye utando katika mikorosho ya Msambweni. Mexico waliyaona hayo mapema: tarantula wao wa magoti mekundu walichimbwa kwa wingi kwa ajili ya wafugaji hadi biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa mwaka 1985.

Buibui hawa hawavumilii kuchimbwachimbwa. Wanakua polepole na majike huishi muda mrefu katika tundu moja. Huko Australia Magharibi, mtafiti Barbara York Main alianza mwaka 1974 kufuatilia matundu ya buibui wa shimoni, ambao ni ndugu wa mbali wa tarantula, na mmoja wao, aliyeitwa Namba 16, aliishi humo humo miaka 43. Alikufa mwaka 2016, ikionekana kwamba ameuawa na nyigu. Nyigu wa aina hiyo wapo huku pia. Humchoma buibui akamduwaza, akamburuta hadi shimoni na kutaga yai juu yake. Adui wa asili anatosha. Binadamu akiongeza jembe, moto wa kusafishia shamba na dawa za kuulia wadudu zinazopulizwa kila wiki katika bustani za mahoteli, kizazi kimoja tu kinatosha kuyamaliza matundu ya kijiji kizima.

Na Kwale inabadilika haraka. Mgodi wa titani ulisimamisha uchimbaji Desemba 2024, na watu wanajadili ardhi ile itarudishwa katika hali gani. Kati ya Ukunda na Kinondo, viwanja vyenye kuta na waya vinazidi kusogea kusini kila mwaka. Kwetu Tanga hali bado ni ya polepole, kwa hiyo niliyatazama mambo ya Diani kama mtu anayeoneshwa ya kesho yake. Sina ugomvi na hoteli, zimesomesha vijana wengi, na yule wa Dortmund ni mmoja wao. Lakini ukizungukwa na ukuta uliopakwa chokaa na majani yaliyokatwa sawasawa, huwezi kujua kwamba umekaa juu ya makazi ya kiumbe anayetamaniwa na watu wa Hamm na Chicago.

Nilipofika Tanga, mjukuu alinipigia simu kabla hajarudi kazini. Mlango wa tundu la mkorosho ulikuwa umefunguliwa, na nje yake palikuwa na gamba lililokunjamana, limesukumwa nje. Bibi amekataza lisiokotwe.

Kwa hiyo ombi langu liwafikie waongozaji wa Kinondo, Gazi na hifadhi ya Shimba Hills. Ongezeni matembezi ya usiku, kwa tochi na hatua za taratibu, mgeni aoneshwe tundu la buibui na aelezwe maisha yake mahali yalipo, fedha zibaki kijijini. Walimu wa sayansi wa Msambweni na Lunga Lunga nao wanaweza kuwafundisha watoto kuvua gamba kwa kutumia kaa na buibui wa uani kwao, badala ya mchoro wa kitabuni peke yake. Nawe msomaji unayetamani kufuga, ukishampata wako kwa njia halali, siku akilala chali toa nyenje, acha maji, na usimguse. Ikiwa uko Kenya na unayemtaka ni wa porini, pita kwanza ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) iliyo karibu nawe, kwani kumweka mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai.